Picha ileile, seli ileile, majibu tofauti: maswali yenu kuhusu neva za jicho

Toleo lililopita niliropoka sentensi moja tu, kwamba seli ya retina (ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) ukiionyesha kitu kilekile mara mia haikupi jibu lilelile mara mia, nikapita zangu. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja nyingi, nyingine za watu wanaoshangaa tu na nyingine za watu wenye data mezani na msimamizi kooni, kwahiyo safu nzima leo ni hiyo. Barua nimezifupisha, majina nimeyaacha.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Ina maana neva za macho zinabahatisha? Mbona mi nikiangalia ukuta hauchezichezi, uko palepale na rangi yake ileile. Hiyo kelele mnayoisema nyie iko wapi? Mi sio mtu wa sayansi ila hili swali nimekaa nalo wiki nzima.

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Ukuta hauchezi kwa sababu wewe husomi seli moja, unasoma seli kama milioni moja kwa kila jicho, na kosa la mmoja linafunikwa na wenzake. Hizo milioni moja ni seli za ganglioni, za mwisho kabisa kwenye retina, na mikia yao mirefu ikikusanyika pamoja ndo neva ya macho yenyewe inayoelekea kwenye ubongo. Zinaongea kwa spaiki, yaani mpigo mfupi wa umeme wa kama milisekunde 1, na spaiki haina kubwa wala ndogo, ipo au haipo. Edgar Adrian na wenzake walilipigania sana hilo miaka ya 1920, na mwaka 1938 Haldan Keffer Hartline akafanikiwa kusikiliza nyuzi mojamoja za neva ya jicho la chura, kazi ya vidole vya subira kwelikweli. Kwahiyo chochote jicho linachotaka kuuambia ubongo lazima kipite kwenye mambo mawili tu, spaiki ngapi na lini.

Sasa kelele iko wapi. Chukua kipande cha retina kwenye maabara, kiweke juu ya elektrodi zinazonasa umeme wa seli, kionyeshe filamu ya sekunde 10, irudie mara 100. Kila marudio chora mstari mmoja na kila spaiki weka nukta. Ukiangalia kwa mbali utaona nguzo za nukta, mahali ambapo seli ilifyatua karibu kila mara, na katikati ya nguzo na nguzo hamna kitu, peupe. Hapo utasema hii seli ni mashine. Afu sogea, shika nguzo moja, hesabu: mstari wa kwanza spaiki 4, wa pili 3, wa tatu 4, wa nne 4, wa tano 5. Na nukta ya kwanza haiko palepale, mara iko mbele milisekunde 2, mara nyuma 3. Hiyo tofauti ndogo ndo kelele tunayoisema.

Inatoka sehemu nyingi. Mwanga wenyewe kwanza, fotoni, yaani chembe za mwanga, haziji kwa foleni, zinaanguka kama zinavyotaka, ukitegemea 10 leo zinakuja 7 kesho 13, na hapo hata jicho halijaguswa. Halafu seli za fimbo, zile za kuonea gizani, zina uwezo wa kuhisi fotoni moja moja (Baylor, Lamb na Yau walilionyesha kwenye fimbo za chura mwaka 1979), lakini uwezo huo una gharama yake: molekyuli ya kupokea mwanga inaweza kujiwasha yenyewe kwa joto tu, hamna fotoni, na fimbo haijui tofauti. Kwenye nyani ilipimwa kama mara moja kila sekunde 160 kwa fimbo moja. Unaona ni nadra eeh, lakini jicho la binadamu lina fimbo zaidi ya milioni 90, ukipiga hesabu kwa kiwango hichohicho ni taarifa za uongo zaidi ya laki 5 kila sekunde. Juu ya hapo kuna sinapsi, viungio vya seli na seli, zinazotema kemikali kwa vifuko vifuko, kifuko kinatoka au hakitoki, na mwisho kabisa kuna ule mlango wa seli ya ganglioni unaoamua sasa nafyatua au bado. Yote hayo unaletewa kwenye nukta moja. Mi kinachonishangaza sio kwamba seli inayumba, ni kwamba inayumba kidogo namna ile, na ndo tunaenda huko kwenye barua inayofuata.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili wa masters, nimepewa data ya retina ya salamanda, seli 40 hivi, filamu imerudiwa mara 60. Nimefiti modeli ya kawaida, kichujio, halafu kipinda, halafu Poisson mwishoni. Wastani unakaa vizuri mpaka nikatabasamu peke yangu. Kuhakikisha kama kweli ni Poisson nikakata muda vipande vya milisekunde 1, nikagawa variansi kwa wastani nikapata 0.98, nikaandika kwenye ripoti "data ni Poisson". Msimamizi kanikata kwa peni nyekundu, kaandika neno moja tu, "DIRISHA!!", na kasafiri. Dirisha gani jamani? Na kama sio Poisson niweke nini? Mnisaidie kabla hajarudi.

JIBU: Marahaba, na pole na peni nyekundu. Msimamizi wako ni bahili wa maneno ila hoja anayo, na huo mtego karibu kila anayeanza kazi hii anauingia, mimi mwenyewe niliuingia na tena nikasimama mbele ya watu nikautetea, mpaka mzee mmoja nyuma akaniuliza kwa upole umekatia wapi muda wako kijana. Sijasahau.

Kwa wasomaji wengine kwanza, tusiwaache. Salamanda ni mnyama wa jamii ya chura anayefanana na mjusi. Kichujio ni sehemu ya modeli inayochagua nini kwenye picha kinaiamsha seli, na kipinda kinageuza jibu hilo kuwa kasi ya kufyatua. Hesabu ya Poisson, kwa jina la Siméon Denis Poisson, Mfaransa aliyeiandika mwaka 1837, ni ya matukio yasiyokumbukana: lililotokea sasa hivi halizuii wala haliiti linalofuata. Alama yake kubwa ni kwamba variansi, yaani kipimo cha namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani, ni sawa na wastani. Ndo maana watu wanagawa variansi kwa wastani na kuita jibu kipimo cha Fano, kwa jina la Ugo Fano aliyekuwa anahangaika na mionzi mwaka 1947. Ikitoka 1 inafanana na Poisson, ikiwa chini ya 1 seli ina nidhamu kuliko Poisson, juu ya 1 imechafuka zaidi.

Sasa wewe. Ndani ya milisekunde 1 seli haiwezi kufyatua mara mbili, kwahiyo kila kipande chako kina 0 au 1, basi, hamna kingine. Kama nafasi ya kupata 1 ni p, wastani ni p, na variansi ni p mara mabaki ya 1 kutoa p. Gawa hiyo kwa p inabaki 1 kutoa p. Weka p ya 0.02, toa, 0.98. Ndo namba yako hiyo! Haikutoka kwa salamanda, imetoka kwenye mkasi uliokatia muda.

Kama bado huamini chukua seli ya kufikirika yenye nidhamu kupita kiasi. Kila marudio inafyatua spaiki moja tu, haikosi hata mara moja, haizidishi, ila hiyo spaiki inaweza kuangukia popote ndani ya milisekunde 50. Kata vipande vya milisekunde 1, kila kipande kina nafasi ya 1 kwa 50 ambayo ni 0.02, Fano 0.98, unaandika Poisson unapigiwa makofi. Sasa kata dirisha, yaani kipande cha muda unachohesabia spaiki, moja tu la milisekunde 50: hesabu ni 1, 1, 1, 1 mpaka marudio ya 60, variansi sifuri, Fano sifuri. Seli ni ileile, data ni ileile, dirisha tu ndo limebadilika na wewe umetoka kwenye fujo ya Poisson mpaka kwenye utaratibu kamili. Kwahiyo usipime kwenye kipande kidogo kuliko upana wa nguzo zako za nukta. Angalia michoro yako, nguzo moja inachukua muda gani kuanza mpaka kuisha, huwa ni kwenye makumi ya milisekunde, tumia hiyo, na jaribu upana tofauti tofauti uone namba inavyoshuka.

Nina uhakika itashuka kwa sababu sio mara ya kwanza. Berry, Warland na Meister mwaka 1997 walifanya karibu hichohicho unachofanya wewe, kwenye retina za salamanda na sungura, wakakuta Fano iko chini ya 1 kwa mbali kwenye matukio mengi, na wakati wa spaiki ya kwanza unayumba milisekunde chache tu. Tazama mifano miwili hii ya marudio kumi nimeitunga ili uone kwa macho. Ya kwanza: 2, 7, 4, 3, 5, 1, 6, 4, 2, 6. Ya pili: 4, 3, 4, 4, 5, 3, 4, 4, 5, 4. Zote mbili jumla ni 40, wastani 4. Modeli yako inayojua wastani tu itasema hizi ni pacha. Lakini ya kwanza variansi ni 4 kamili, ya pili ni 0.44, ambayo ni Fano ya 0.11. Retina ikiamua kusema kwa nguvu inafanana zaidi na ya pili kuliko ya kwanza.

Na kuna kitu kizuri hapa ambacho wengi wanakipita. Spaiki hazina nusu. Kama wastani ni 3.5 haiwezekani variansi iwe sifuri, manake lazima mara nyingine iwe 3 na mara nyingine 4, na kidogo kabisa unachoweza kupata ni nusu mara nusu, 0.25. Wastani wa 4 kamili ndo unaweza kugusa sifuri. Kwahiyo ukichora variansi dhidi ya wastani, sakafu ya chini inakuwa na matao, inapanda inashuka kati ya namba nzima na namba nzima, na kwenye retina kuna seli ambazo nukta zake zinakwenda karibu kabisa na hayo matao. Chora huo mchoro. Kama msimamizi wako ni mtu ninayemdhania, huo mchoro peke yake utamfanya anunue peni ya rangi nyingine.

Kwanini seli ina nidhamu hiyo? Sababu kubwa ni kwamba ina kumbukumbu, na Poisson haina. Ikishafyatua kuna muda haiwezi kabisa kufyatua tena, milisekunde 1 mpaka 3 hivi, afu kuna muda mwingine inaweza lakini kwa shida. Huo mpumziko unazipanga spaiki kwa nafasi, zinashindwa kubanana, na zikishindwa kubanana hesabu inashindwa kuyumba. Kwa seli ambayo ingekuwa Poisson isipokuwa mpumziko tu, kwenye dirisha refu, Fano ni 1 toa kasi mara mpumziko, halafu yote kwa mraba. Seli inayofyatua spaiki 50 kwa sekunde na mpumziko wa milisekunde 2: 1 toa 0.1, mraba, 0.81, hutaona tofauti sana. Ipeleke 200 kwa sekunde: 1 toa 0.4, mraba, 0.36. Umeona, kadri inavyofyatua kwa kasi ndo inavyozidi kuwa na utaratibu, na seli za retina zinapenda kukaa kimya kabisa halafu kufyatua kwa kasi kubwa ghafla, kwahiyo zinatumia muda wao wa kuongea kwenye eneo hilohilo ambalo Poisson inadanganya zaidi.

Sasa utaniuliza inanihusu nini kama wastani unakaa. Inakuhusu pale unapouliza seli inaweza kutofautisha nini. Picha A inaleta spaiki 4, picha B inaleta 6. Kwa Poisson mkengeuko wa A (mzizi wa mraba wa variansi) ni 2, yaani tofauti yote ya A na B inamezwa na kuyumba kwa A peke yake, utasema seli hii haioni vizuri. Kwa variansi ya 0.44 mkengeuko ni 0.67, na hiyo tofauti ya 2 inakuwa mara tatu ya mkengeuko, yaani inaonekana wazi. Ukitumia Poisson unaitukana seli kwa hesabu.

Uweke nini badala yake. Njia ya kwanza na ndo maarufu ni kuipa modeli kumbukumbu, unaongeza kichujio cha pili kinachotazama spaiki za seli yenyewe zilizopita na kupunguza uwezekano mara tu baada ya kufyatua. Pillow, Paninski, Uzzell, Simoncelli na Chichilnisky walifanya hivyo kwa retina ya nyani mwaka 2005, na modeli ikaweza kutoa tena sio wastani tu bali na usahihi wa muda na kuyumba kwa hesabu. Ni nzuri, inafitika haraka, ila ina tabia yake mbaya: ukiifiti vibaya afu ukaiachia itembee peke yake inaweza kujichochea, spaiki moja inaita nyingine mpaka inapiga mamia kwa sekunde kama imepandwa na kichaa. Kwahiyo usiridhike na namba ya kufiti, isimulishe, ichoree nukta zake pembeni ya nukta za data uangalie kwa macho.

Njia ya pili mi naipenda kwa wepesi wake. Kama unachotaka ni hesabu ya spaiki kwenye dirisha na sio milisekunde ya kila moja, chukua fomula ya Poisson ilivyo, halafu ongeza adhabu inayokua na mraba wa hesabu. Spaiki 1 inaadhibiwa kidogo, 2 mara nne yake, 5 mara ishirini na tano. Ferrari na wenzake wa Paris waliandika modeli ya aina hiyo mwaka 2018 kwa ajili ya retina. Nimeijaribu kwenye karatasi: adhabu ya 0.25 kwa kila mraba, nikarekebisha nguvu ya kusukuma mpaka wastani ukawa 3.4, variansi ikatoka 1.3 badala ya 3.4, Fano kama 0.38. Na uwezekano wa seli kukaa kimya kabisa, sifuri spaiki, ambao Poisson ya wastani huohuo inaupa asilimia 3 na kitu, hapa ukashuka mpaka asilimia 0.2. Namba moja tu ya ziada imefanya yote hayo. Tena uzuri mwingine, hiyo adhabu unaweza kuipata kwenye marudio yako 60 peke yake, kwa kutazama variansi dhidi ya wastani, bila kuhangaika na filamu ina nini ndani, afu ukishaipata unaishikilia hapohapo ndo unafiti kichujio cha picha kwenye data isiyorudiwa. Maswali mawili tofauti, yajibu mojamoja. Ukiyafiti kwa pamoja, kosa la kichujio linajificha kwenye adhabu na huwezi kujua nani mwongo.

Kwenye ripoti futa "data ni Poisson" uandike upana wa dirisha kila unapotaja Fano. Kila mara. Fano bila dirisha ni kama umri bila kusema miaka au miezi.

SWALI: Habari mkuu, mimi kwangu ni kinyume na nyie, Fano ya seli yangu moja ni 1.8 kwenye dirisha la milisekunde 50, nyingine zote ziko chini ya 1. Hii nimegundua kitu kipya au?

JIBU: Inawezekana umegundua kwamba elektrodi yako ilisogea, samahani kukuangusha.

Kabla ya kusherehekea chora hesabu ya kila marudio kwa mfuatano, marudio ya 1 mpaka ya mwisho. Retina iliyotolewa kwenye jicho inachoka, mwitikio unashuka polepole saa kwa saa, na kama marudio ya mwanzo yalikuwa na spaiki 8 na ya mwisho 3 basi variansi yako ni mteremko tu, sio kelele. Linganisha marudio yanayofuatana, 1 na 2, 3 na 4, ukipima hivyo mteremko unajifuta karibu wote. Kingine angalia upangaji wa spaiki, yaani spaiki ipi umeipa seli ipi: chora histogramu ya nafasi kati ya spaiki na spaiki, ukikuta zimejaa chini ya milisekunde 1 hiyo sio seli moja, ni mbili zimevaa jina moja, kila mpumziko wa moja unajazwa na mwenzake.

Ukishapita hapo na bado ni 1.8, basi labda kuna kitu kinapanda na kushuka kati ya marudio na marudio, kama mtu anagusa kitufe cha sauti. Hilo ni jambo la kawaida mbele ya safari, kwenye ubongo. Kara, Reinagel na Reid mwaka 2000 walipima kwa paka retina, kituo cha kati na gamba la ubongo kwa wakati mmoja, wakakuta kuyumba kunaongezeka kila hatua. Kwa hali hiyo kuna modeli ya Poisson ambayo kasi yake nayo inabahatishwa, Goris, Movshon na Simoncelli waliielezea mwaka 2014. Ila kwenye retina mi ningeanza kushuku vifaa.

SWALI: Mwalimu umesema kosa la mmoja linafunikwa na wenzake. Hiyo si inafanya kazi tu kama wanakosea kila mtu kivyake? Wakikosea wote pamoja je?

JIBU: Swali zuri hili, natamani ningeandikiwa mapema nilipe nafasi zaidi. Ndiyo, na ndivyo ilivyo: majirani wanakosea pamoja. Seli mbili za ganglioni za aina moja zilizo jirani zinafyatua pamoja ndani ya milisekunde chache mara nyingi kuliko bahati ingeruhusu, hata kwenye mwanga usiobadilika. Sababu ni za kifamilia tu, fimbo na koni (seli za kuonea mchana) zilezile zinawalisha wote wawili kwahiyo kelele ya juu inawafikia wote, na nyingine zimeunganishwa moja kwa moja kwa matundu ya umeme.

Kujua kama ni kelele au ni filamu tu imewaamsha wote, changanya marudio. Chukua seli A ya marudio ya 1 ioanishe na seli B ya marudio ya 2. Filamu ni ileile kwahiyo kinachosababishwa na filamu kinabaki, kinachosababishwa na kelele ya pamoja kinapotea. Toa cha pili kwenye cha kwanza, kilichobaki ndo chako. Jaribio la dakika tano, na watu wanaliruka!

Kwenye modeli, unaongeza kichujio kutoka seli hadi seli. Mwaka 2008 Pillow na wenzake walifanya hivyo kwa seli 27 za nyani, wakakuta ukisoma spaiki huku unajua nani anakosea na nani unapata habari zaidi kwa karibu asilimia 20 kuliko ukimsoma kila mtu kivyake. Kumbe kukosea pamoja ukishakujua kunageuka msaada, unajua cha kukipunguza. Ila msije mkachora vile vichujio mkasema hizi ni nyaya za retina. Modeli ikiona A na B zinafyatua pamoja itaweka mshale kati yao hata kama hazigusani kabisa na ni fimbo moja huko juu imejiwasha.

SWALI: Mzee wangu anapoteza macho, nimesoma kuna vifaa vya umeme vinawekwa kwenye retina. Kwa mnavyosema, kifaa si kitakuwa bora kuliko neva kwa sababu chenyewe hakina kelele?

JIBU: Pole sana kwa mzee. Mambo ya tiba yake muulizeni daktari wa macho anayemhudumia, mi nijibu la kelele tu.

Ni kweli kifaa kinaweza kutoa mpigo uleule mara elfu bila kuyumba. Argus II, ambayo Marekani iliiruhusu mwaka 2013, ilikuwa na elektrodi 60. Weka 60 hizo pembeni ya seli milioni moja. Kila elektrodi inaamsha kundi zima kwa pamoja, zile za kutangaza mwanga na zile za kutangaza giza, wakati kwenye jicho zima hao wawili wanapokezana, mmoja akiongea mwenzake ananyamaza. Tena umeme unashika na mikia ya seli za mbali inayopita tu hapo juu ikielekea kwenye neva, ndo maana badala ya nukta watu wengi wanaona mistari mistari iliyorefuka. Kwahiyo kuyumba kumeondoka kweli, ila kumeondoka pamoja na nani alikuwa anasema nini.